Jibu: Kuwauzia hisa jamaa wa Ujiji

Ndugu yangu, umeuliza kama kampuni yenu ya mawese hapa Kigoma, ikiwauzia hisa jamaa kumi wa Ujiji, itakuwa imefanya "toleo la awali la hisa kwa umma" linalotajwa katika mkataba wa wanahisa. Kwa kawaida, hapana. Mikataba mingi hulifasiri kuwa mauzo ya kwanza ya hisa kwa umma, kwa waraka wa matarajio (maelezo ya kampuni na hisa zake kwa wanunuzi) ulioidhinishwa na mdhibiti, ambaye kwetu ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mara nyingi yakifuatiwa na kuorodheshwa katika soko la hisa. Katika fasiri hiyo, soma hasa yanayofuata neno "isipokuwa", kwani hapo ndipo mauzo ya hisa kwa wafanyakazi huenguliwa. Kama hakuna kiwango cha chini cha fedha ambacho toleo lazima likusanye, mimi ningekidai kabla ya kutia saini, maana bila hicho hata toleo dogo laweza kugeuza hisa zenu za upendeleo (zinazolipwa kabla ya nyingine) kuwa za kawaida.