Je, Buddha Aliwafundisha Watu Kukata Tamaa?

Swali: Katika makala yangu kuhusu Ubuddha nimeandika hivi: "Maisha ni mateso, na Buddha aliwafundisha watu wakate tamaa ili wayaepuke." Mwenzangu anasema sentensi hiyo inapotosha. Inapotosha wapi?

Jibu: Kisarufi sentensi yako haina dosari. Dosari imo katika maana, na iliyo kubwa zaidi ni hiyo ya "wakate tamaa". Neno tamaa lina sura mbili katika Kiswahili: uchu wa kupata kitu, na matumaini ya kukipata. Likiambatana na kitenzi kukata, sura ya pili ndiyo hushika, kwa hiyo aliyekata tamaa ni mtu asiye na matumaini tena, wala si mtu aliyeushinda uchu wake. Msomaji wako atadhani Buddha alihubiri unyonge, ilhali mahubiri yake ya kwanza, ambayo mapokeo ya Wabuddha yanasema aliyatoa Sarnath, karibu na Varanasi nchini India, yalikuwa na matumaini tele: kwamba dukkha (neno ambalo wewe umelitafsiri "mateso") ipo, kwamba ina chanzo, kwamba inaweza kukoma, na kwamba iko njia ya kuikomesha.

Chanzo hicho kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, huitwa tanha, na maana yake ya msingi ni kiu. Hapa Kiswahili kina bahati, kwa kuwa sisi wenyewe husema fulani ana kiu ya madaraka au kiu ya sifa, na hiyo ndiyo hali inayozungumziwa. Hata hivyo, usikimbilie kuandika "kukata kiu", kwa maana anayekata kiu amekunywa akatosheka, na mafundisho haya yanashikilia kwamba kiu ya namna hii haiishi kwa kunyweshwa. Andika kiu ikome, au ing'olewe. Nirvana nayo, yaani hali ya dukkha kukoma, ambayo asili ya jina lake ni kuzimika, hufafanuliwa kuwa ni kuzimika kwa moto wa uchu, chuki na ujinga. Basi kitenzi kuzima kitakufaa sana utakapofika hapo.

Kuhusu mateso, sikulaumu, maana wengi huandika hivyo. Lakini neno hili limetokana na kutesa, na likitajwa msikilizaji humtafuta mtesaji. Ni kweli tunasema pia mateso ya ugonjwa, ila hata hapo tunakusudia maumivu makali. Dukkha ni pana kuliko hivyo. Katika mahubiri yale yale Buddha anataja kuzaliwa, uzee, maradhi na kifo, kisha anaongeza kukutana na usichokipenda, kutengana na ukipendacho na kukosa unachokitaka. Mtu aliyekosa alichokitaka hateswi na yeyote, na pengine hata haumwi; haridhiki tu. Hata raha imo ndani ya dukkha, kwa sababu haidumu. Mimi ningeliacha neno dukkha mara ya kwanza, nikalifafanua, kisha nikaendelea na taabu, ambayo hubeba makubwa na madogo.

Jambo dogo la mwisho, kwa kuwa huenda ukalihitaji: yale mambo manne ya mahubiri ya kwanza yaite Kweli Nne, si "ukweli nne", na ile njia ya kuikomesha dukkha iite Njia yenye Sehemu Nane, si "njia ya mikunjo minane", ambayo humfanya msomaji afikirie nguo. Sehemu hizo, kuanzia mtazamo sahihi hadi utulivu sahihi wa akili, hufuatwa kwa pamoja. Usiziite hatua, kana kwamba ya pili husubiri ya kwanza imalizike.

Sentensi yako basi ingesomeka hivi: "Buddha alifundisha kwamba maisha yamefungamana na taabu, kwamba taabu hiyo huzaliwa na kiu ya kupata na kung'ang'ania, na kwamba kiu hiyo ikikoma, taabu nayo hukoma."