Kilimanjaro kwa ajili ya wodi ya wazazi: siku tano zinatosha?

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni wafanyakazi 14 wa ofisi moja hapa Dar es Salaam. Tunataka kupanda Mlima Kilimanjaro na kuwa kileleni Desemba 9, Siku ya Uhuru, huku tukichangisha shilingi milioni 30 za vitanda vya kujifungulia na vifaa vya wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya tunachokisaidia. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda mlima mrefu. Kampuni moja imetupa bei ya njia ya Marangu kwa siku tano. Baadhi ya wafadhili wanasema watalipa kwa kila atakayefika kileleni tu. Tumebakiwa na miezi mitatu, na mwenzetu mmoja ana miaka 52 na anatumia dawa za presha. Mpango wetu umekaa sawa? – Katibu wa kamati.

JIBU: Dada katibu, njia na mazoezi tutavifikia. Nianze na hao wafadhili, maana hatari kubwa ya safari yenu iko kwao kuliko kwenye mlima wenyewe. Ahadi inayolipwa mtu akifika kileleni tu humfanya mpandaji awe na deni. Saa tisa usiku, kwenye changarawe za Kibo, mteremko wa mwisho kabla ya kilele, mtu anayeumwa kichwa na kutapika atawaza vitanda vya wodi kabla hajawaza kugeuza. Ataficha dalili, na wenzake watamsukuma wakidhani wanamtia moyo. Watu wengi wanaozidiwa mlimani walikuwa na dalili saa nyingi kabla ya kuanguka, ila walinyamaza.

Kwa hiyo kadi ya ahadi isomeke hivi: “Naahidi Sh ……… kwa ajili ya wodi ya wazazi. Nitalipa kabla ya Novemba 30. Ahadi hii haitegemei mpandaji amefika wapi.” Mfadhili asiyekubali sentensi ya mwisho, mshukuruni, mwendelee na wengine. Anayetaka mchango wake ufungamane na mlima mpeni kitu kingine: muuzieni mita. Kilele kiko mita 5,895. Kila mita ikiuzwa Sh 5,000 mnapata Sh 29,475,000, yaani lengo lenu limebakiza kidogo tu. Mita zinahesabiwa kuanzia usawa wa bahari, hivyo hata zile za Dar mnaweza kuziuza. Uzeni zote kabla hamjapanda basi la Moshi, kwa sababu ahadi ambazo hazijalipwa safari ikiisha huwa ngumu sana kukusanya.

Sasa siku tano. Hazitoshi. Kwenye ratiba hiyo mnalala Mandara (mita 2,720), kisha Horombo (3,720), kisha Kibo (4,720), na usiku huohuo mnaamshwa kuelekea kileleni. Kila siku mahali pa kulala panapanda mita elfu moja. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uweke siku ya kutopandisha. Sababu ni hii: kileleni kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Dar, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unajirekebisha kwa kupumua kwa kasi zaidi na baadaye kuongeza seli nyekundu za damu, na kazi hiyo inataka siku. Mazoezi hayaiharakishi. Vijana wenye nguvu ndio huumwa mapema, kwa kuwa wanakimbia siku ya kwanza.

Ningewachagulia Machame kwa siku saba. Siku ya tatu njia hiyo inawapandisha hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu inawashusha kulala Barranco kwenye mita 3,900 na ushei. Usiku unaofuata mnalala Karanga, karibu na kimo hichohicho, ndipo mwende Barafu (4,673). Si kamilifu, maana usiku wa pili kule Shira bado mnaruka karibu mita 800, lakini mwili unapata nafasi ya kupumua. Ukitaka kilele kiwe Desemba 9, ingieni getini Desemba 4 na mtoke kwa geti la Mweka Desemba 10. Kama kuna wasioweza kabisa kulala kwenye hema, basi Marangu, ambako mnalala kwenye vibanda, kwa siku sita, siku ya ziada ikitumika Horombo: mnapanda asubuhi kuelekea upande wa Mawenzi hadi mvuke mita 4,000, mnarudi kula na kulala palepale. Mtaingia getini Desemba 5. Tofauti ya bei kati ya siku tano na sita ndiyo pesa nzuri kuliko zote mtakazotumia.

Desemba 9 ina mvuto wake, hasa ukikumbuka mwenge uliowashwa kileleni mwaka 1961, lakini mvua za vuli huwa hazijaisha. Msituni kuna tope, na huko juu huenda mkakuta theluji. Kila kitu ndani ya begi kifungwe kwenye mifuko isiyopitisha maji, hasa mfuko wa kulalia. Ukilowa ule, umekwisha.

Kuhusu mazoezi, miezi mitatu inatosha mkianza wiki hii. Siku mbili katikati ya wiki pandeni na kushuka ngazi za jengo refu kwa dakika 40 hadi 60, mkiwa na begi la kilo 5, mwezi wa pili kilo 8. Jumamosi tembeeni saa mbili, mwongeze hadi mfikie saa sita. Jumapili inayofuata tembeeni tena hata kama miguu inauma, kwa sababu mlima ni siku mfululizo. Pugu inafaa kwa kuanzia; wikiendi mbili za Uluguru, kupanda Morningside na kushuka, zinafaa zaidi. Msidharau kushuka. Siku ya kilele mtateremka kutoka 5,895 hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, na hapo ndipo magoti yanapolia na kucha za vidole gumba zinapong'oka. Kateni kucha fupi, mvae viatu vinavyoacha nafasi mbele, na mbebe fimbo mbili za kutembelea.

Viatu vya mtumba vichunguzeni kwa makini. Buti la mlimani lililokaa stoo miaka mingi linaonekana jipya juu, lakini povu la katikati ya soli limeshaoza kwa unyevu. Libonyeze kwa kidole gumba pembeni ya soli: likiwa gumu na kuonyesha nyufa ndogo, au likimeguka unga, liache. Soli hiyo itabanduka siku ya pili. Jaketi zito na mfuko wa kulalia msinunue, vinakodishwa Moshi. Usiku wa kilele nyuzijoto zinaweza kushuka hadi 15 chini ya sifuri na upepo juu yake. Chupa ya maji iwekwe kichwa chini ndani ya soksi, kwa kuwa barafu huanzia juu. Simu na betri za akiba za tochi zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kasi ni ile ambayo mtu anaweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Maji lita 3 hadi 4 kwa siku. Hamu ya kula itapotea. Mwombeni mpishi mtori, supu na uji kuliko wali mkavu. Pombe na dawa za usingizi ziachwe, maana zinapunguza upumuaji usiku. Kuna asetazolamaidi, inayojulikana kama Diamox: kinga ya kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakojolesha na kuleta ganzi vidoleni. Mwenye mzio wa dawa za salfa asiiguse kabla ya kumwona daktari.

Dalili nazo mzikariri wote 14. Kichwa kuuma peke yake: pumzika, kunywa maji, meza parasetamoli, usipande zaidi mpaka kiishe. Kichwa kinachozidi pamoja na kutapika: shuka. Kuyumba: mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, akishindwa, ubongo unavimba, ashushwe saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Kuhema hali umekaa, au kikohozi chenye povu la rangi ya waridi, ni mapafu yanayojaa maji. Oksijeni na kushuka vyote kwa pamoja. Kabla ya safari kila mmoja asaini kwamba neno la kiongozi mkuu wa msafara ndilo la mwisho.

Sheria hii haina maana kama viongozi ni wachache. Kwa watu 14 dai kiongozi mkuu na wasaidizi wasiopungua watano, ili mmoja akishuka na mgonjwa wengine wasikwame. Ulizeni pia mitungi ya oksijeni iko mingapi na kipima oksijeni cha kidole kipo. Wagumu, yaani wapagazi, watakuwa 40 au zaidi. Hapo ndipo kampuni ya bei ya kutupa inapokata: mishahara, chakula, uzito wa mzigo. Mzigo wa mgumu usizidi kilo 20, na unapimwa getini. Kuchangia akina mama huku kijana wa watu anabeba kilo 30 kwa mlo mmoja ni aibu. Bahashishi mkubaliane kabla, itolewe hadharani, kila mtu akisikia kiasi chake.

Pesa ziwe za mafungu mawili yasiyokutana. Gharama za safari zilipwe na wapandaji wenyewe au mwajiri. Michango yote iende wodini, hadi senti. Fungueni akaunti yenye jina la mradi, watia saini watatu, wawili wakihitajika kila pesa inapotoka, na lipa namba iliyounganishwa na akaunti hiyo. Namba ya simu ya mtu binafsi inachanganya michango na matumizi yake, na makato ya kutoa yanakula mchango. Kila Ijumaa weka taarifa kwenye kundi la WhatsApp: kilichoingia, jumla, ahadi zilizobaki. Na kabla hamjatangaza lolote, pateni barua ya mganga mfawidhi inayotaja vifaa kwa aina na idadi, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ikijua. Vinginevyo mtanunua vitanda saba wakati wodi ina nafasi ya vinne.

Mwenzenu wa presha anaweza kwenda kama imedhibitiwa na daktari wake ameridhia. Amwambie daktari majina ya dawa zake, hasa kama kuna ya kukojoza, kwa kuwa ikijumlishwa na asetazolamaidi potasiamu inaweza kushuka mno. Dawa asiziache mlimani. Ila mimi ningewahofia zaidi wengine 13 wanaojiona wazima. Wote wapime selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande, na aliyebeba vinasaba tu anaweza kupata maumivu makali ya bandama kwenye kimo kikubwa hata kama hajawahi kuumwa maishani. Vipimo vifanyike mwezi huu, ili asiyeweza kupanda apangiwe kazi ya kusimamia michango mapema, jina lake likiwa bado halijachapishwa kwenye fulana.