Wanyama walikuwapo, wewe ulikuwa unatembea

Ndugu mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: mtu ametembelea hifadhi ya msitu wa mvua, amezunguka njia zake za miguu tangu asubuhi hadi alasiri, na hakuona ila vipepeo na kima mmoja aliyekimbia. Je, siku yake imepotea? Na anayejiandaa kwenda kwa mara ya kwanza ashauriwe nini?

Siku haikupotea, lakini miguu ilipewa kazi ya masikio. Msitu wa mvua una viumbe wa aina nyingi kuliko mahali pengine popote pa nchi kavu, na karibu wote hawaonwi na mtu anayetembea kwa mwendo wake wa kawaida. Anayetaka kuwaona na asimame. Huo ndio ushauri wangu wote. Yanayofuata ni sababu zake na namna ya kuufuata.

Wengi wetu tumezoea kutazama wanyama wa mbugani, ana kwa ana au kwenye televisheni, na tunaingia msituni tukiwa na matarajio yaleyale. Mbugani chakula kiko chini. Nyasi humea ardhini, jua linazipiga moja kwa moja, na zinalisha makundi makubwa ya nyumbu na pundamilia ambayo huonekana kutoka mbali. Msituni mambo yamepinduka. Majani machanga, maua na matunda yako juu, mita 30 au 40 kutoka ardhini, mahali matawi yanaposhikana yakawa dari moja. Mwanga wa jua unaopenya hadi chini ni asilimia 1 au 2 tu. Pasipo mwanga hapaoti nyasi, na pasipo nyasi hakuna makundi. Ndiyo maana mbega, kima, kindi na hondohondo wanaishi juu na wengine hawashuki kwa siku nyingi. Wanaoishi chini, kama funo na paa wengine wadogo, huokota matunda yaliyodondoka, hutembea peke yao au wawili wawili, na rangi yao ni ya majani makavu. Mgeni anayepita njiani ni mtu aliyeingia nyumba ya ghorofa akazunguka ukumbi wa chini, kisha akatoka akisema hakukuta wenyeji.

Kwa hiyo kabla ya macho, masikio. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuwa wakifuatilia mbega wekundu katika msitu wa Sanje, milima ya Udzungwa, Tanzania. Wakasikia mlio mkubwa wasioutambua. Mwenyeji aliyekuwa akiwasaidia aliujua mara moja: ni ngolaga. Sayansi haikuwa na habari na mnyama huyo, ambaye leo huitwa mangabei wa Sanje. Nyani mzima, mwenye ukubwa wa kuonekana na kila mtu, alijulikana kwa wataalamu kwa kusikika kwanza. Nikikumbuka kisa hicho huwa najiuliza ni watalii wangapi leo wanapita msitu uleule kuelekea kwenye maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, wakiongea kwa sauti njia nzima.

Milio ya msituni ina habari ndani yake, na wanyama wenyewe wanaitumia. Katika Hifadhi ya Taï, nchini Côte d'Ivoire, kima aitwaye Diana hutoa mlio mmoja anapomwona tai na mwingine anapomwona chui. Watafiti waliicheza milio hiyo kwa spika karibu na hondohondo, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Hondohondo waliushtukia mlio wa tai, kwa sababu tai huwawinda na wao. Mlio wa chui hawakuujali, kwa kuwa chui hawezi kuwafikia huko juu. Ndege amejifunza kusikiliza mazungumzo ya kima na kuchagua yanayomhusu. Mgeni hawezi kufika kiwango hicho kwa siku moja, lakini anaweza kujifunza jambo moja la haraka: kelele zikizuka ghafla mahali pamoja juu ya miti, kuna kitu kimeonekana. Simama, tazama huko, ngoja.

Kusimama popote tu, hata hivyo, hakusaidii. Pa kwanza ni chini ya mti unaozaa, na kati ya miti yote tafuta jamii ya mikuyu na mitini. Miti hiyo haizai yote kwa msimu mmoja. Mmoja unazaa leo, wa pili baada ya miezi, na hivyo karibu kila wakati kuna mmoja mahali fulani wenye matunda, hata pale miti mingine yote ikiwa mikavu. Wanyama wanaujua mpango huo kuliko sisi. Utautambua mti wa namna hiyo kwa matunda yaliyopondeka ardhini, kwa nyigu wanaozunguka, na mara nyingi kwa vipande vinavyokudondokea kichwani. Ukiupata, usiendelee na safari. Sogea pembeni, egemea shina la mti mwingine, tulia. Kwa nusu saa utaona hondohondo, kima na kindi wakipokezana kwenye matawi yaleyale, na ukirudi usiku pamoja na mwongozaji utakuta popo wamechukua zamu.

Pa pili ni mahali ambapo mti mkubwa umeanguka. Mwanga unashuka hadi ardhini, miche iliyokuwa imedumaa gizani kwa miaka inakimbilia juu, maua yanafunguka, wadudu wanajaa na ndege wanawafuata. Watu wengi huruka gogo na kupita haraka kwa sababu pana joto. Mimi hukaa ukingoni, kwenye kivuli, nikitazama upande wa jua.

Pa tatu ni kijito. Kwenye tope la ukingo utaona nyayo, jambo ambalo majani makavu ya njiani hayaonyeshi. Vipepeo waliokusanyika kwenye tope hilo aghalabu ni madume, wanafyonza chumvi ambayo hawaipati kwenye maua.

Na kuna siafu. Najua, kila mtu akisikia neno hilo anachomekea suruali kwenye soksi, na afanye hivyo. Lakini safu ya siafu inapotawanyika kuwinda, kila mdudu aliyejificha chini ya majani hutoka mbio: panzi, buibui, mende, tandu. Ndege wa aina kadhaa wanalijua hilo na huufuata msafara ili kuwadaka wakimbizi, wala si kula siafu wenyewe. Jambo hilohilo hutokea katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, ingawa siafu wa huko ni jamii nyingine na ndege ni wengine kabisa. Ukiona ndege wadogo wanarukaruka karibu na ardhi bila kuhama na bila kukuogopa, chunguza miguu yako kwanza, kisha rudi nyuma hatua chache ukae utazame. Binafsi sijaona onyesho bora msituni kuliko hilo.

Mnyama niliyempenda zaidi katika habari za misitu yetu naye alipatikana kwa kungoja. Mwaka 2005 kamera zinazojipiga zenyewe, zilizofungwa kwenye mashina ya miti Udzungwa, zilinasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, mwenye uso wa kijivu ambaye hakuna mtaalamu aliyekuwa amemwandika. Mwaka 2008 akapewa jina la kisayansi. Ana uzito wa gramu 700 hivi, ni mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, na hutembea mchana. Mchana! Watu walikuwa wamepita msituni humo kwa miguu miaka yote hiyo. Kamera haikwenda popote, haikuongea na mtu, haikuvaa shati jekundu.

Muda ni rahisi kueleza. Alfajiri ni bora kuliko zote, na dakika chache baada ya mvua kukatika hufuatia. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri msitu hulala, isipokuwa nyenje. Watu wengi hufika getini saa nne, wakamaliza matembezi saa nane, halafu wakalalamika. Hao ndio nadhani waliowaandikia.

Mavazi vilevile: rangi za kufifia, mikono mirefu, viatu visivyoteleza, koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe, kwa sababu huo si msitu wa mvua kwa jina tu. Ukienda Borneo au Madagaska jiandae kwa ruba wa nchi kavu. Darubini ni muhimu kuliko kamera. Simu haipigi picha nzuri gizani, na mtu anayehangaika na simu haoni tawi likitikisika. Lenzi zikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi huingia ukungu, kwa hiyo zitoe mapema.

Kuhusu mwongozaji, nasikia watu wakisema ni gharama isiyo ya lazima pale ambapo njia zina alama. Sikubaliani. Alama zinakuonyesha njia, hazikuonyeshi kinyonga aliyelala kwenye jani mbele ya pua yako. Ila mwambie mapema unachotaka. Waongozaji wengi wamezoea wageni wanaopenda kufika: kwenye maporomoko, kwenye mnara, kwenye mti mkubwa wa kupigia picha. Mwambie kwamba leo hutaki kufika popote, unataka kilomita moja kwa saa tatu. Wengine hucheka kidogo, kisha wanafurahi kwelikweli, kwa sababu ndivyo wao wenyewe walivyoujua msitu.

Kuna watakaosema: mimi nataka kumwona mnyama mkubwa, kwa uhakika. Basi nenda kwa waliozoeshwa watu. Bwindi nchini Uganda kuna gorila wa milimani, Kibale kuna sokwe, na kazi ya kuwazoesha huchukua miaka. Bwindi wageni huenda kwa makundi madogo, hukaa na familia ya gorila kwa saa moja, na mwenye mafua hatakiwi kabisa kusogea, kwa kuwa gorila ni ndugu wa karibu mno kwetu na magonjwa yetu ya kifua huwapata. Ni ziara ya kupendeza. Lakini hapo umepelekwa kwa mnyama mmoja. Msitu umebaki pembeni ya njia.

Madaraja ya kamba yanayopita juu ya miti nayapa nusu ya sifa zinazotolewa. Lile la Kakum nchini Ghana lilifunguliwa mwaka 1995, lina urefu wa takriban mita 350, na linakufikisha kweli kule ambako maisha yako. Tatizo ni foleni. Kundi la vijana likipita likitikisa daraja na kupiga kelele, hakuna ndege atakayebaki. Kama hifadhi inaruhusu upande daraja kunapopambazuka, lipia hata ziada. Kama hairuhusu, baki chini.

Na siku ambayo kweli hakuna mnyama anayejitokeza, tazama mti. Mizizi inayosimama kama kuta kuzunguka shina ipo hivyo kwa sababu chakula cha mti kiko kwenye tabaka jembamba la juu la udongo, na mizizi haina haja ya kuzama sana. Lazima basi ipanuke ili kuushikilia mti. Pindua jani lililooza na utaona nyuzi nyeupe za kuvu zikilimeng'enya. Jani linaoza haraka kwa joto na unyevu, na virutubisho vinanyonywa na mizizi karibu papo hapo. Ndiyo maana msitu mnene unaweza kusimama juu ya udongo dhaifu, na ndiyo maana shamba lililofyekwa humo huchoka baada ya mavuno machache. Angalia pia ncha za majani ya miti midogo: nyingi zimechongoka ili maji ya mvua yateremke, kuvu na kuvumwani visiote juu yake. Hayo hayakimbii, na mtoto wa miaka saba akionyeshwa anayaelewa mara moja.

Mkiruhusu, niongeze ombi kwa wanaosimamia hifadhi, kwa sababu kosa si la wageni peke yao. Bango la mwanzo wa njia huandikwa kilomita na saa: njia ya kilomita 4, saa mbili na nusu. Msomaji wa bango hilo ameshapewa mtihani, na atajitahidi kuushinda kwa saa mbili. Wekeni viti njiani, hata magogo yaliyochongwa tu, karibu na kijito na kwenye mwanya wa mti ulioanguka. Na pale getini, chini ya kilomita, mwongozaji aandike kwa chaki kila Jumatatu ni mti gani unaozaa wiki hii na uko kona ya ngapi.