Mtoto kaumia ndani ya basi la shule: nani alipe?

Maswali haya yametoka kwa wazazi wa Mombasa, kisiwani na ng'ambo. Nimeyafupisha na kuondoa majina ya shule. Majibu ni kwa mujibu wa sheria za Kenya.

Mwanangu alivunjika mkono basi la skuli lilipogongana na lori. Mwalimu mkuu asema basi si lao, ni la mtu waliyempa kandarasi, niende nikamtafute huyo. Ni sawa? (Mama, Bamburi)

Pole sana, Mama. Si sawa, na usikubali kuzungushwa. Dereva aliyeendesha kwa uzembe anawajibika, na mwenye gari anawajibika pamoja naye maadamu dereva alikuwa kwenye kazi aliyotumwa. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo anza na namba ya gari, uitishe rekodi zake NTSA, mamlaka inayosajili magari.

Shule nayo haijitoi kwa sababu tu ya kandarasi. Ndiyo iliyopokea nauli yako kila muhula, ndiyo iliyomchagua mwenye basi, na wajibu wake kwa mtoto ni ule wa mzazi mwangalifu. Ikiwa ilijua breki ni mbovu au dereva ni wa mbio ikanyamaza, hilo ni kosa lake yenyewe. Mwenye lori pia asisahaulike. Washtakiwe wote, kisha mahakama igawanye lawama kwa asilimia.

Tuktuk iliyokuwa ikipeleka watoto skuli ilipinduka Kongowea ikiwa na watoto wanane. Watu wa bima wasema hawalipi kwa sababu ilizidisha abiria. (Baba, Kisauni)

Ndugu yangu, jibu hilo hupewa wazazi wengi, nao hurudi nyumbani wamekata tamaa bure. Sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, ile Sura ya 405, inasema katika kifungu cha 16 kwamba kampuni haiwezi kumkwepa aliyeumia kwa kisingizio cha idadi ya watu waliobebwa, hali ya gari, au umri na afya ya dereva. Ikishalipa, inaweza kumdai mwenye tuktuk arudishe. Hayo ni yao wawili.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Chini ya sheria hiyo bima hulipa mwisho shilingi milioni 3 kwa kila mdai; kinachozidi hapo hudaiwa mwenye chombo. La pili ni zito zaidi: bima ya gari la binafsi kwa kawaida haihusu kubeba abiria wa kulipa. Yule jirani anayekusanya watoto wa mtaa kwa gari lake, akilipwa kwa mwezi, huenda hana bima ya kazi hiyo hata kidogo. Tazameni stika ya bima kwenye kioo cha mbele kabla hamjampa watoto. Watoto wanane ndani ya tuktuk ni hatari kubwa, na sisi wazazi tunaoiona asubuhi tukaiacha iondoke tuna haki na wajibu wa kuisimamisha.

Shule imelipa hospitali, na sasa yataka kutupa shilingi 50,000 tuweke sahihi kwamba hatudai tena. Wazee wa mtaa wasema tumalizane kwa sulhu. (Bi wa Mtongwe)

Sulhu ni jambo jema, Bi, na shule kulipa hospitali ni uungwana. Ipokeeni hiyo. Lakini msitie sahihi.

Haki hii ni ya mtoto. Ninyi wazazi mnamsimamia tu, na ndiyo maana kesi ya aliye chini ya miaka 18 hufunguliwa kwa jina lake kupitia mtu mzima. Kesi ikishafunguliwa, Kanuni za Mwenendo wa Madai, Agizo la 32, zinamkataza mtu mzima huyo kufanya mapatano au kupokea pesa bila ruhusa ya mahakama. Sheria imeweka ulinzi huo kwa sababu inajua mzazi mwenye dhiki hukubali kidogo cha leo.

Mwili wa mtoto pia haujamaliza kusema. Mfupa uliovunjika karibu na kiungo unaweza kuathiri ukuaji wa mkono au mguu, na hilo huonekana miezi au miaka baadaye. Jeraha la kichwa linaweza kujitokeza darasani, mtoto aliyekuwa mwepesi akawa hashiki somo. Mpelekeni hospitali kuu ya Makadara au kwa daktari mwingine wa mifupa, mpate ripoti inayoeleza ulemavu wowote na matibabu yajayo. Chukueni abstrakti ya polisi (muhtasari wa ripoti ya ajali) na fomu ya P3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha), na wekeni kila risiti, hata ya dawa ya kupaka, kwa sababu gharama isiyo na risiti mahakama hailipi. Baada ya hapo sulhu mkaifanye, mkijua mnazungumzia nini.

Binti yangu wa miaka saba alishushwa upande wa pili wa barabara, akapita nyuma ya basi, bodaboda ikamgonga. Wasema mtoto ndiye mwenye makosa. (Baba, Changamwe)

La. Mahakama ya Rufaa ilishaweka msimamo kwamba mtoto wa chini ya miaka kumi habebeshwi lawama ya uzembe wa namna hiyo. Hata aliyepita umri huo, lazima ithibitishwe wazi kwamba alikuwa na uwezo wa kuijua hatari. Mtu mzima aliyemshusha bila kumvusha ndiye wa kuulizwa, pamoja na mwenye bodaboda.

Dereva hakushtakiwa. Bado tunaweza kudai, na mpaka lini?

Mnaweza. Kesi ya trafiki na kesi ya fidia ni mbili tofauti, na hii ya pili haihitaji ushahidi mzito kama ile ya jinai. Muda ni miaka mitatu tangu ajali; gari likiwa la serikali, hesabuni miezi kumi na miwili. Msingoje mtoto akue. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kabla kesi haijafunguliwa.

Wakili ataka nusu ya fidia, na tukishindwa hatulipi. (Mama, Jomvu)

Mapatano ya kulipwa wakili pale tu mnaposhinda ni batili chini ya Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46. Tafuteni mwingine. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaruhusiwa kusimama mwenyewe. Na mkishinda, ombeni mahakama iamuru pesa ziwekwe katika akaunti ya mtoto, zitolewe kwa matibabu na shule yake mpaka atimize miaka 18.