Msiruke Tower of Dawn, na mengine kwa wanaoanza kumfuata Celaena

Kila msimu wanaingia wasomaji wapya wa Throne of Glass, mfululizo wa riwaya za njozi kuhusu Celaena Sardothien, msichana muuaji wa kukodiwa, na makosa ni yale yale. Huyu kakiacha kitabu cha kwanza njiani kwa sababu "muuaji gani huyu anapiga piano". Yule karuka Tower of Dawn, cha saba, kakimbilia Kingdom of Ash, cha mwisho, halafu anauliza Yrene ni nani. Wadogo zetu, tunawapenda, ndiyo maana mnatuchosha. Vitabu ni 8, vilitoka kati ya 2012 na 2018, na Sarah J. Maas alianza kuiandika hadithi hii akiwa na miaka 16. Mtu aliyeishi na kisa muda wote huo hatupi kitu ovyo njiani. Sasa tusikilizane.

1. Majina. Sisi tumezoea kutamka kila irabu, kwa hiyo Celaena anageuka "Chelaena" na Chaol, nahodha wa walinzi wa mfalme, anageuka "Chaoli". Ni Se-LEI-na. Ni KEI-ol, silabi mbili basi. Sardothien mkazo unakaa kwenye DO.

2. Msimpime Celaena kwa idadi ya maiti. Rudini sura ya kwanza, msome polepole. Binti wa miaka 18 ametumikia mwaka mzima kwenye migodi ya chumvi ya Endovier. Amefungwa minyororo, na Chaol anamzungusha makusudi, korido hii, ngazi ile, apande, ashuke, ili apoteze mwelekeo. Hapotei. Anajua anazungushwa, na akili yake haijaacha kufanya hesabu. Baadaye kidogo tunaambiwa kwamba watumwa wanaojaribu kutoroka pale hupigwa mishale kabla hawajamaliza futi 3. Yeye alifika futi 363, na njiani aliwaua msimamizi mmoja na walinzi 23. Uwezo wake umeshathibitishwa kabla ya shindano la kumpata Bingwa wa Mfalme kuanza. Kuhusu shindano lenyewe, mnasahau kwamba anashiriki kwa jina la uongo, Lillian Gordaina, na Chaol amemwamuru akae katikati ya kundi, asing'ae wala asiburure mkia. Anajificha kwa amri! Na ile asubuhi ya sikukuu ya Yulemas anapofakamia peremende mpaka meno yanakuwa mekundu, msipite mkicheka tu. Huyo ni msichana aliyenyang'anywa ujana wake, anaudokoa kidogo kidogo pale anapoweza.

3. The Assassin's Blade ni hadithi fupi 5 za kabla ya Endovier. Isome ya tatu, baada ya Crown of Midnight na kabla ya Heir of Fire. Ndivyo vilivyotoka: Crown 2013, Blade na Heir 2014. Ukianza nayo si dhambi, ila utaingia kitabu cha kwanza ukiwa tayari unalijua donda la Sam, mtu wake wa zamani, na utakosa ile hali ya kuliona jina lake linapita mara moja moja bila maelezo. Kuichelewesha ndiko kubaya. Arobynn na Lysandra wanakusubiri Queen of Shadows, Ansel na Rolfe wanakusubiri Empire of Storms, na kila mmoja anakuja na deni alilolikopa ndani ya Blade.

4. Kuruka. Hapa mtuvumilie, kwa sababu hili ndilo lililotuuma sisi tuliotangulia, na walioungua ni wengi. Empire of Storms kilitoka 2016 na kinaishia pabaya mno. Unakifunga ukiwa na swali moja tu kifuani: Celaena anatokaje pale? Mwaka uliofuata kikaja Tower of Dawn, tukakifungua, hayupo. Ukurasa wa kwanza hayupo, wa mia hayupo. Aliyepo ni Chaol na jeraha lake, katika mji wa Antica bara la kusini, anatafuta tiba kwa waganga wa Torre Cesme na jeshi kwa khagan, mtawala wa huko. Chaol yule yule tuliyekuwa tumemnunia tangu Queen of Shadows! Basi tukaruka. Hoja tulikuwa nazo: kwamba kilipangwa kuwa hadithi fupi ya pembeni kabla hakijanenepa, kwamba muhtasari utatosha, kwamba tutakirudia tukimaliza. Tukaingia Kingdom of Ash mikono mitupu.

Angalieni kinachoharibika. Matukio ya Tower of Dawn yanakwenda sambamba na ya Empire of Storms, kwa hiyo ukikiruka unaruka nusu ya vita. Kuna siri ya adui mmoja mkubwa inayofichuliwa humo, na kitabu cha mwisho kinaendelea kana kwamba unaijua. Kuna Nesryn, Sartaq, Hasar, Borte na wapanda ruk, wale ndege wakubwa wa milimani. Wanapoingia Kingdom of Ash, aliyesoma anaruka kwenye kiti kwa furaha, aliyeruka anaona wageni wanapishana mlangoni.

Hayo yote yanavumilika. Kisichovumilika ni kikaratasi. Katika hadithi ya pili ya The Assassin's Blade, Celaena wa miaka 16 amekwama mji wa bandari wa Innish. Anamfundisha mhudumu wa baa namna ya kujinasua akikabwa, kisha anaondoka bila kusema jina lake, akimwachia dhahabu na kikaratasi chenye maneno machache. Mtu mwingine angesema kisa kimeisha hapo. Hakijaisha. Kikaratasi kile kinavuka bahari, kinatunzwa, kinasomwa tena na tena mkononi mwa mtu asiyejua alichoandikiwa kiliandikwa na nani. Tower of Dawn ndicho kinachokibeba. Kingdom of Ash ndiko kinakofika, na kitakachotokea pale hatusemi. Lakini aliyeruka anaupita ukurasa ule kama anavyopita tangazo la magodoro, na akirudi baadaye kusoma kilichotangulia, mshtuko hautamngoja. Wa mara ya kwanza ni mmoja tu. Tulioupoteza tunajua.

Kwa hiyo someni sambamba. Vitabu viwili, alama mbili. Anza na Empire of Storms sura 10, hamia Tower of Dawn sura 10, rudi. Cha kwanza kina sura 75, cha pili 68. Mkishafika 60 kote, malizeni Tower of Dawn kwanza, kisha zile 15 za mwisho za Empire of Storms zisomeni mfululizo. Maumivu ya mwisho wake yatawapeleka moja kwa moja Kingdom of Ash, bila kusubiri kurasa mia kadhaa. Kama sura ya 10 inaishia katikati ya pigano, ongezeni moja, msihame panga likiwa hewani. Anayechanganywa na kuhamahama asome kimoja kiishe, kisha kingine. Asiruke tu.

5. Sura za Manon ndani ya Heir of Fire. Ndiyo, zinaonekana hazihusiani na chochote, mchawi mwenye meno na kucha za chuma huko milimani. Zisomeni. Msomeni Abraxos, yule wyvern (joka wa mabawa) mdogo mwenye makovu aliyewekwa shimoni awe chambo cha wakubwa, anayependa maua, na ambaye Manon anahangaika kumpatia hariri ya buibui ili mabawa yake yaliyoharibika yamwinue. Yajueni majina ya wale Kumi na Tatu, kikosi cha Manon, angalau Asterin.

6. Msitafute jina la mhusika yeyote mtandaoni, hata kuangalia tahajia, na msisome maelezo ya nyuma ya Empire of Storms na vinavyofuata. Siri kubwa ya vitabu vya mwanzo imeandikwa pale waziwazi.

7. Ukurasa mmoja wa daftari kwa majina, falme na Wyrdkeys (zile funguo za kichawi) unatosha.

8. Mfululizo ulianza kama wa vijana, lakini unakua pamoja na Celaena. Kufika Empire of Storms kuna mambo ya chumbani yaliyoelezwa wazi. Dada unayemwazima mdogo wako wa kidato cha kwanza, mpe viwili vya mwanzo, vingine utangulie kuvisoma wewe.

9. Kingdom of Ash kina sura 121 na kurasa zinazokaribia elfu. Msikianze Jumapili usiku. Mkiona Abraxos na wale Kumi na Tatu wanajipanga kuruka kwenda kwenye mnara, shukeni kwenye daladala, fikeni nyumbani, mfunge mlango, ndipo mwendelee.