Bevo alikuwa na jina kabla ya kupigwa chapa

SWALI: Je, ni kweli maksai aliye nembo hai ya timu za Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, aliitwa Bevo baada ya wapinzani kumpiga chapa ya 13–0, wanafunzi wakaigeuza iwe jina?

JIBU: Si kweli, ingawa aliyeitunga hadithi hiyo anajua kazi ya chuma cha moto. Chapa haifutiki, huongezewa tu. Unganisha 1 na 3 upate B, kistari kiongezee mikato kiwe E, chomeka V, sifuri inajisimamia kama O.

Tatizo ni tarehe. Wahitimu 124 walichanga dola moja moja, Stephen Pinckney akisimamia mchango, maksai akanunuliwa na kufikishwa Austin kwa treni. Alionyeshwa uwanjani Sikukuu ya Shukrani, Novemba 1916, Texas ilipowafunga wapinzani wao, chuo cha Texas A&M, 21–7 katika futiboli ya Kimarekani. Desemba hiyohiyo Ben Dyer, mhariri wa jarida la wahitimu, The Alcalde, akachapisha jina: Bevo. Vijana wa A&M walimvamia zizini Februari 1917, na 13–0 yao ilikuwa ya kukumbushia ushindi wao dhidi ya Texas mwaka 1915. Jina liliitangulia chapa kwa miezi miwili.

Wengine hulihusisha jina na kinywaji cha kampuni ya bia ya Anheuser-Busch kilichoitwa hivyohivyo. Sisi tunaegemea neno la Kiingereza beeve, ng'ombe wa nyama, likamaliziwa kwa o kama majina ya utani ya enzi zile.

SWALI: Mbona maksai, si fahali?

JIBU: Kwanza utulivu; fahali katikati ya kelele za uwanja ni balaa. Pili pembe. Longhorn, aina ya ng'ombe wa Texas kama Bevo, akihasiwa mapema, pembe zake hurefuka kuliko za fahali, ambazo huwa fupi na nene. Za maksai aliyekomaa zaweza kupita mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha.

SWALI: Bevo wa kwanza aliishia wapi?

JIBU: Mezani. Kumlisha kulikuwa gharama, tena hakuwahi kufugika vizuri. Januari 1920 alichomwa kwenye karamu ya wanamichezo. Watu wa A&M walialikwa, wakakabidhiwa kipande cha ngozi chenye 13–0 yao.