Mageuzi katika Uislamu: maswali kutoka Bukavu

Msomaji wa Kadutu: Tunaambiwa msikitini kwamba fikra za mageuzi zililetwa na Wazungu. Ni kweli?

Si kweli, na nimechoka kuulizwa. Shah Waliullah wa Delhi alifariki mwaka 1762, Waingereza wakiwa bado hawajautawala mji huo. Alikuwa amekwisha kukemea taklidi (kufuata rai za waliotangulia bila kuuliza dalili) na kuitafsiri Kurani kwa Kiajemi ili watu waielewe. Nyuma yake yuko Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, ambaye alieleza kwa kirefu makusudio ya sharia: kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Wanamageuzi wengi wa leo wanaanzia hapo. Ulaya iliongeza maswali, sikatai. Tahtawi alipelekwa Paris mwaka 1826 akiwa imamu wa wanafunzi wa Misri, akarudi na mengi ya kuandika. Lakini Muhammad Abduh, mufti wa Misri tangu 1899, aliyajibu maswali hayo kwa Kurani na usuli wa fikihi, yaani kanuni za kutoa hukumu za sharia. Anayemwita kibaraka amsome kwanza. Sauti za dakika mbili za WhatsApp si elimu.

Bagira: Mlango wa ijtihadi, yaani msomi kutafuta hukumu mwenyewe, si ulifungwa zamani?

Uliza nani aliufunga. Suyuti wa Cairo, aliyefariki mwaka 1505, alitangaza waziwazi kwamba yeye ni mujtahidi, yaani mwenye uwezo wa kufanya ijtihadi.

Nguba: Muutazila, wale wanateolojia wa kale, ndio waliberali wa kwanza?

Waliipa akili nafasi kubwa, ndiyo. Ila mwaka 833 khalifa al-Ma'mun, aliyeshika rai yao kwamba Kurani imeumbwa, aliamuru maulamaa wahojiwe. Ahmad bin Hanbal akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akachapwa mijeledi. Vijana mnaopenda mageuzi, msiuruke ukurasa huo. Serikali isipewe kazi ya kupima imani za watu, hata ikiwa upande wetu.

Wasichana waendelee na masomo?

Ndiyo. Msiniulize tena.

Kadutu: Mbona hata Masalafi, wanaotaka kurudi kwenye njia ya Waislamu wa mwanzo, wanamdai Abduh?

Kwa sababu ya mwanafunzi wake Rashid Rida, aliyeanzisha jarida la al-Manar mwaka 1898 na baadaye akaegemea Uwahabi, mafundisho makali ya Uarabuni. Mwaka 1925 Ali Abd al-Raziq, msomi wa Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo, alipoandika kwamba ukhalifa si nguzo ya dini, Rida alikuwa miongoni mwa waliompinga vikali, na Azhar ikamvua shahada. Al-Manar ilisomwa hadi Mombasa, ambako Sheikh Al-Amin Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kwa Kiarabu na Kiswahili. Kwa hiyo msiseme mjadala huu ni wa Waarabu peke yao.